Kuandaa Trekta Dogo la Dizeli kwa Majira ya Baridi Katika Banda Lisilo na Joto

Trekta dogo la dizeli likiachwa kwa miezi kadhaa ndani ya banda lisilo na joto, baridi peke yake hailidhuru sana. Kinacholimaliza ni maji. Maji yaliyotuama chini ya dizeli huganda na kuziba njia ya mafuta. Maji ya rejeta yasiyo na dawa ya kutosha ya kuzuia kuganda yanapogeuka barafu huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na msukumo huo unatosha kupasua bloku ya injini. Unyevu uliomo kwenye oili chakavu huungana na mabaki ya mwako na kutengeneza asidi zinazokula beringi taratibu, na mvuke wa hewani hugeuka matone juu ya kila chuma kilicho baridi kuliko hewa inayokizunguka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unayafuata maji popote yanapoweza kujificha, kuanzia kwenye tangi hadi ndani ya matairi.

Kazi hii ifanywe kabla ya barafu ya kwanza, katika siku kavu, na kwa mpangilio maalumu: yote yanayohitaji injini iwake yatangulie, na betri iwe ya mwisho kuguswa. Anayeanza kwa kutoa betri atalazimika kuirudisha ili azungushe dizeli yenye dawa na maji mapya ya rejeta. Kitabu cha mtengenezaji kiwe karibu muda wote, kwa kuwa aina ya oili, kiasi chake na upepo wa matairi hutofautiana kati ya trekta moja na jingine. Pale kinapopingana na maelezo haya, kifuatwe kitabu.

Kuosha na kukausha

Matope, mabua na majani yaliyokwama hushika unyevu na kuukandamiza kwenye chuma majira yote ya baridi, kwa hiyo yaondolewe. Mashine ya kufyekea ifunguliwe kutoka kwenye trekta na upande wake wa chini ukwanguliwe hadi chuma kionekane, kisha upakwe oili. Maji ya presha yasielekezwe kwenye beringi, sili, viungio vya nyaya wala mapezi ya rejeta, ambayo hupinda kwa urahisi. Mapezi hayo ni bora yapulizwe kwa hewa kutoka upande wa feni kuelekea nje, ili uchafu utoke kwa njia ile ile ulioingilia. Palipochubuka rangi pasuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi. Baada ya kuosha, trekta liendeshwe hadi lipate moto kabisa, kwa sababu joto la injini na la gia hukausha pembe ambazo kitambaa hakifiki.

Dizeli

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mwingi zaidi. Dizeli ina nta iliyoyeyuka ndani yake, na joto linaposhuka, nta hiyo hujitenga na kuwa chembechembe zinazoelea. Mwanzoni mafuta huonekana kama yana ukungu. Yakizidi kupoa, chembe hizo hushikamana na kuziba chujio, na injini huzimika au haiwaki kabisa ijapokuwa tangi limejaa. Dizeli iliyotengenezwa kwa majira ya joto inaweza kuanza kuonyesha ukungu huo kwenye nyuzi chache tu za Selsiasi chini ya sifuri, na iliyochanganywa na mafuta ya mimea au wanyama huweza kuuonyesha mapema zaidi. Katika nchi zenye baridi kali, vituo vya mafuta huuza dizeli ya majira ya baridi iliyorekebishwa, lakini dizeli iliyobaki kwenye tangi tangu kiangazi haibadiliki yenyewe kwa kuwa kalenda imebadilika.

Njia rahisi ya kujua hali ya mafuta yako ni kujaza chupa ya kioo nusu kwa dizeli iliyotoka kwenye tangi hilohilo, kuifunga na kuiacha nje usiku wenye baridi kali, mbali na moto na mahali ambapo watoto hawafiki. Asubuhi iinuliwe kuelekea kwenye mwanga bila kutikiswa. Dizeli iliyo salama kwa kiwango hicho cha baridi huwa angavu kiasi cha kuweza kusoma maandishi kupitia ndani yake. Ile isiyofaa huwa na weupe kama wa maziwa, na pengine tabaka laini la nta limetulia chini. Ukiona pia tone linalotembea peke yake kwenye kitako cha chupa bila kuchanganyika na mafuta, hilo ni maji, na tangi lina mengine.

Dawa ya kuzuia dizeli kuganda hufanya kazi kwa kuzuia chembe za nta zisikue na kushikamana. Haina uwezo wa kuyeyusha nta iliyokwisha kujitenga, ndiyo maana hutiwa mafuta yakiwa bado na joto. Pima kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, kitie tangini kwanza, kisha ongeza dizeli mpya juu yake ili mmiminiko wenyewe uichanganye. Baadhi ya watengenezaji wa injini huruhusu kuchanganya sehemu ya mafuta ya taa ili kushusha kiwango cha kuganda. Jambo hilo lisifanywe bila ruhusa ya kitabu, kwani mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli inavyozilainisha. Petroli isitiwe hata kidogo.

Tangi lijazwe karibu na mdomo, pabaki nafasi ndogo tu ya mafuta kupanuka. Tangi lililo nusu hupumua kila siku: mchana hewa ya ndani hupata joto, hupanuka na kutoka, usiku ikipoa hewa yenye mvuke huingia na mvuke huo hugeuka matone kwenye kuta za ndani, na matone hushuka hadi chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji na dizeli vinapokutana ndipo bakteria na kuvu huzaliana na kutengeneza utelezi mweusi unaoziba machujio. Wengine huona ni salama zaidi kulikausha tangi kabisa. Sikubaliani nao, kwa sababu tangi tupu la chuma hupata kutu, na hewa inayoingia kwenye mirija italazimu mfumo mzima utolewe upepo kabla injini haijawaka tena.

Chujio la dizeli libadilishwe, na kile kibakuli cha kutenganisha maji kifunguliwe valvu yake ya chini juu ya kopo la kioo hadi dizeli safi itoke peke yake. Kisha washa injini nje ya banda na uiache ifanye kazi kwa dakika 15 hadi 20. Hatua hii husahaulika mara nyingi, nayo ndiyo inayofikisha dizeli yenye dawa kwenye pampu, mirija na nozeli. Bila hiyo, tangi litakuwa salama huku chujio likiwa bado limejaa mafuta ya kiangazi. Dizeli ya akiba ihifadhiwe kwenye madumu yaliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta, wala isiwekwe kwenye vyombo vilivyopakwa zinki, kwani zinki huingiliana na dizeli na mabaki yake hudhuru nozeli.

Oili ya injini na ya gia

Oili ibadilishwe kabla ya kuhifadhi trekta, wala isingojwe wakati wa kulitoa. Oili iliyokwisha kutumika ina masizi, maji na asidi, na kuiacha ndani ni kuziacha sehemu za ndani za injini zikiloa asidi hizo kwa miezi. Imwagwe ingali ya moto baada ya mzunguko wa dizeli uliotajwa hapo juu, kwa sababu oili ya moto hutoka pamoja na uchafu uliokuwa ukielea ndani yake. Chujio la oili nalo libadilishwe.

Kama trekta huenda likahitajika katikati ya baridi, aina ya oili inachaguliwa kwa kuangalia namba iliyo kabla ya herufi W. Kwa viwango vya SAE (shirika linaloweka viwango vya oili), oili ya 15W hupimwa uwezo wake wa kuiruhusu injini izungushwe na stata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 10W kwenye nyuzi 25, na ya 5W kwenye nyuzi 30. Oili nzito kuliko baridi iliyopo huifanya stata ihangaike na huchelewa kufika kwenye beringi za juu. Baada ya kujaza, washa injini kwa muda mfupi, angalia kama kuna mvujo, zima, subiri, kisha pima kwa kijiti.

Kwenye matrekta mengi madogo, oili moja hutumika kwa gia, hidroliki na mfumo wa mwendo. Ikiwa kwenye kijiti au kioo chake inaonekana nyeupe badala ya kuwa angavu, imeingiwa na maji na ibadilishwe yote, kwa kuwa maji hayo yakiganda kwenye chujio la kufyonzea, pampu hukosa oili mara tu injini inapowaka. Oili chakavu ikusanywe na kupelekwa panapopokelewa, isimwagwe ardhini.

Maji ya rejeta

Rejeta isifunguliwe injini ikiwa ya moto. Ikipoa, chukua sampuli ndogo na uipime kwa haidromita ya rejeta au, bora zaidi, kwa kipimo cha lenzi kinachotumia matone machache. Rangi haionyeshi nguvu ya mchanganyiko: rejeta iliyokuwa ikiongezwa maji matupu kiangazi chote bado itakuwa ya kijani au nyekundu, na bado itapasuka.

Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethilini glaikoli (ndiyo dawa ya rejeta yenyewe) na maji yaliyochujwa madini hulinda hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Watu wengi hudhani kuwa dawa ikiwa tupu bila maji italinda zaidi, lakini glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, na pia hupoza injini vibaya; kwa kawaida haifai kuvuka asilimia 60. Changanya kwenye ndoo safi kabla ya kumimina. Kisha washa injini hadi hosi ya juu ya rejeta iwe ya moto unapoigusa, ishara kwamba themostati imefunguka na mchanganyiko umeingia kwenye bloku. Kama trekta lina kabati lenye kipasha joto, kifunguliwe hadi mwisho ili nacho kipate mchanganyiko mpya. Tangi la maji ya kuoshea kioo lisisahauliwe.

Ushauri wa zamani wa kumwaga maji yote ya rejeta na kuliacha trekta kavu una hatari mbili, kwani daima hubaki madimbwi madogo ndani ya bloku, na chuma kilicholoa kisha kikapata hewa hushika kutu haraka. Dawa iliyotolewa ifunikwe mara moja, kwa sababu ethilini glaikoli ni sumu yenye ladha tamu, na mbwa, paka na hata mtoto huweza kuinywa.

Grisi, hidroliki, klachi na matairi

Kila nipeli ipigwe grisi hadi ya zamani itoke pembeni, kwa kuwa grisi mpya husukuma nje maji yaliyoingia wakati wa kuosha. Ndoo ya mbele na mikono ya nyuma vishushwe hadi chini, injini izimwe, kisha mikono ya valvu isukumwe huku na huku ili kuondoa presha kwenye mirija. Fito za silinda zinazobaki nje zipakwe grisi, maana alama ndogo ya kutu juu yake itakata sili pindi silinda itakaporudi ndani.

Trekta lenye klachi kavu ya pedali linahitaji jambo moja zaidi: pedali ikandamizwe na kufungwa hivyohivyo, kwa ndoano iliyowekwa na mtengenezaji au kwa kipande cha mbao, ili sahani ya klachi isigande kwa kutu kwenye gurudumu la injini. Breki ya kuegeshea, ikiwa sakafu ni tambarare, iachiliwe na magurudumu yazuiliwe kwa vigingi vya mbao, kwani nayo huweza kunata.

Matairi yajazwe upepo hadi kiwango cha kitabu, kwa kuwa joto likishuka upepo hupungua, na tairi laini lililosimama mahali pamoja hujikunja. Ikiwa matairi ya nyuma yametiwa majimaji ya kuongeza uzito, hakikisha si maji matupu. Maji matupu hugeuka bonge la barafu ndani ya tairi, na kuliendesha trekta katika hali hiyo hulikata tairi kutoka ndani. Mchanganyiko wa kalsiamu kloraidi hustahimili baridi kali, lakini ukivuja hula rimu, kwa hiyo kagua sehemu ya valvu.

Kuegesha na kutoa betri

Sakafu ya udongo hutoa unyevu kila siku, kwa hiyo weka mbao nene chini ya magurudumu na, ukiweza, turubai la plastiki juu ya udongo chini ya trekta. Plastiki isitumike kulifunika trekta lenyewe. Hunasa mvuke na kuurudisha kwenye chuma kama matone. Kitambaa kinachopitisha hewa ndicho kinachofaa, na banda lenye paa zima na upepo kidogo ni bora kuliko lililozibwa kila upande.

Sasa ndipo betri itolewe. Fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Betri iliyojaa chaji haiwezi kuganda katika baridi ya kawaida, kwani tindikali yake huhitaji zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha chaji ina majimaji yanayokaribia kuwa maji matupu, na huweza kuganda na kupasuka kwenye nyuzi 7 hadi 10 tu chini ya sifuri. Ichajiwe hadi ijae, iache itulie kwa saa kadhaa, kisha ipime: volti 12.6 au zaidi ni dalili njema. Ihifadhiwe mahali pakavu na pabaridi kiasi, ipimwe mara kwa mara, na ichajiwe tena ikifika volti 12.4. Betri iliyoganda isichajiwe kamwe, kwani huweza kulipuka. Safisha vichwa vyake kwa magadi na maji, ukizuia magadi yasiingie ndani, kisha vikaushwe na kupakwa grisi.

Matundu na panya

Panya hupenda nyumba ya chujio la hewa, pengo lililo chini ya boneti na chini ya kiti, na hutafuna nyaya kwa ajili ya kutengeneza kiota. Ondoa mabua na nafaka zote, safisha chujio la hewa, kisha ziba mdomo wa hewa na bomba la eksosi kwa vifuniko vinavyobana. Kila kilichozibwa kiandikwe kwenye kadi na kadi ifungwe kwenye usukani, mahali ambapo mkono hauwezi kufika kwenye ufunguo bila kuiona. Boneti ikiachwa wazi, mwanga huingia na panya hapendezwi. Mimi naiona njia hii kuwa bora kuliko sumu, ambayo huishia kumuua paka.

Wakati wa baridi

Desturi ya kuliwasha trekta kwa dakika chache kila wiki ina madhara mengi kuliko faida. Mwako hutoa mvuke wa maji, na injini isiyopata moto kamili huuacha mvuke huo ndani ya oili mpya na ndani ya eksosi. Ama liachwe kimya hadi mwisho, ama liwashwe na kufanyishwa kazi ya kweli kwa zaidi ya nusu saa, milango ikiwa wazi au trekta likiwa nje kabisa, kwa sababu kaboni monoksaidi katika banda lililofungwa huua.

Anayelazimika kulitumia kwenye baridi kali awe na kipasha joto cha bloku, kikiwashwa saa 2 hadi 4 kabla ya kuanza. Etha ya kupuliza (dawa ya kuamsha injini iliyogoma kuwaka) isitumike kwenye injini yenye plagi za kupasha moto au kipasha hewa, kwa kuwa huwaka kabla ya wakati wake na inaweza kuvunja pistoni.

Kulitoa tena

Chagua siku ambayo chuma kimekwisha kupata joto la hewa, kwani asubuhi ya joto ya kwanza baada ya baridi ndefu huliacha trekta likitiririka matone. Soma kadi, ondoa vizibo, angalia kama kuna kiota chini ya boneti na kagua nyaya kwa vidole. Pima oili zote na maji ya rejeta, toa maji kwenye kibakuli cha dizeli, fungua pedali ya klachi, rudisha betri. Kama trekta lina kizima mafuta cha kuvuta kwa mkono, kivute na uzungushe injini kwa stata kwa vipindi vya sekunde 10, ukiipumzisha, hadi taa ya presha ya oili izimike. Hapo ndipo mafuta yafunguliwe na injini iwashwe. Iache kwenye mwendo wa chini, bila kuivuma, hadi sindano ya joto ianze kupanda, na hidroliki isipewe mzigo kabla ya hapo. Baada ya saa ya kwanza ya kazi, kibakuli cha dizeli kikaguliwe tena, na nati za magurudumu zikazwe.